Mama ana pumu: achanjwe au asichanjwe?

Mama alirudi nyumbani adhuhuri na karatasi zake za safari zikiwa zimekunjwa vilevile alivyotoka nazo asubuhi. Alikwenda kuchanjwa kwa ajili ya Hija. Dirishani aliulizwa kama ana maradhi ya kudumu, akajibu kwa ukweli kwamba ana pumu tangu usichana wake, akatoa na inhela yake ya bluu mkobani aionyeshe. Aliyekuwa anajaza daftari akamwambia, "Mama yangu, wenye pumu hawachomwi sindano hizi. Itakubana kifua." Basi. Mama hakubishana, maana si mtu wa kubishana na watu wa hospitali. Alipanda daladala akarudi, akanieleza maneno hayo kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na si dirishani tu. Shangazi huyasema, jirani huyasema, muuza duka la dawa huyasema kwa nia njema kabisa. Na kila anayeyasema amechanganya vitu vinavyotakiwa kutenganishwa: chanjo za aina mbalimbali zilizofungwa pamoja kwa jina moja, pumu iliyotulia na pumu iliyochachamaa, dawa ya kuvuta na dawa ya kumeza. Vikitenganishwa, wengi wa wenye pumu watagundua kwamba wao ndio wanaotakiwa kuwa mbele kwenye foleni ya chanjo.

Tuanze na kifua chenyewe. Njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku ambayo anapumua vizuri na anacheka na watu. Uvimbe huo hauumi wala hauonekani, ila unazifanya njia hizo ziwe nyepesi kuchokozeka. Moshi wa kuni huzichokoza, vumbi la kufagia, udi, baridi ya alfajiri. Lakini kwa watoto na watu wazima, kichokozi kinachowafikisha wengi hospitali usiku ni kirusi cha mafua cha aina moja au nyingine. Kirusi kikishaingia, misuli iliyozunguka njia za hewa inakaza, ukuta wa ndani unazidi kuvimba, na makamasi mazito yanajaa mahali ambapo nafasi ilikuwa tayari ndogo. Ndipo kifua kinaanza kupiga mluzi. Homa ya mafua ambayo mtu mwingine angeimaliza kwa siku chache za kulala na chai ya tangawizi, mwenye pumu inaweza kumlaza wodini akiwa na barakoa ya oksijeni usoni. Mwaka 2009, aina mpya ya kirusi cha homa ya mafua, H1N1, ilipoizunguka dunia, madaktari katika nchi nyingi waliona kwamba wenye pumu walikuwa wengi miongoni mwa waliolazwa, kupita kiasi cha idadi yao katika jamii.

Sasa ile hofu ya kubanwa. Mimi siidharau, kwa sababu imetokana na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho yao. Mtu anachanjwa Jumatatu, Alhamisi kifua kinabana. Nani asingeunganisha? Ila kuna njia ya kupima kama muunganiko huo ni wa kweli, na Wamarekani waliitumia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Waliwachukua watu 2,032 wenye pumu, watoto kwa watu wazima, wakamchoma kila mmoja sindano mbili kwa kupishana wiki nne hivi. Moja ilikuwa chanjo ya mafua, nyingine haikuwa na chanjo ndani yake. Waliochomwa hawakujua ipi imetangulia. Baada ya kila sindano, kila mtu aliandika hali ya kifua chake siku kwa siku kwa wiki mbili.

Waliozidiwa na pumu baada ya chanjo walikuwa asilimia 28.8. Waliozidiwa baada ya sindano isiyo na chanjo walikuwa asilimia 27.7. Kitakwimu hakuna tofauti hapo. Kilichoongezeka kweli baada ya chanjo ni maumivu ya mwili: asilimia 25.1 kwa 20.8.

Naomba usizipite haraka namba hizo. Zaidi ya robo ya watu wale walibanwa ndani ya wiki mbili walipochomwa sindano tupu. Pumu ndivyo ilivyo, inakuja na kuondoka kwa sababu zake. Ukiwachanja wenye pumu 100 leo, wako wengi ambao wangebanwa wiki hii au ijayo hata kama wangebaki nyumbani wakichambua mchele. Wakibanwa baada ya sindano, sindano ndiyo itakayobeba lawama, na kila mmoja wao atakuwa shahidi mkweli wa jambo ambalo halikutokea hivyo anavyolidhani.

Kuna na mshtakiwa mwingine ambaye hatajwi. Mkono ukiuma baada ya chanjo, mtu huenda dukani kununua dawa ya maumivu. Wapo wenye pumu, hasa watu wazima wenye pua zinazoziba kila mara, ambao aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huwabana kifua ndani ya saa chache. Mtu kama huyo akimeza diklofenaki jioni ya siku aliyochanjwa, usiku akaamka akihema, atasema ni chanjo. Paracetamol kwa kipimo cha kawaida ndiyo salama zaidi kwao.

Kwa hiyo chanjo ya mafua ya sindano haichochei pumu. Je, inasaidia kiasi gani? Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana wanaoitetea chanjo nao huwa wanaahidi kupita kiasi. Uholanzi, watoto 696 wenye pumu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chanjo ya mafua, wengine sindano isiyo nayo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2004 hayakuonyesha kwamba waliochanjwa walipata mashambulizi machache zaidi ya pumu yatokanayo na homa hiyo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikadiria kwamba chanjo huzuia asilimia 59 hadi 78 ya mashambulizi ya pumu yanayompeleka mtu chumba cha dharura au wodini, ila nyingi kati ya tafiti hizo ziliangalia tu watu waliochagua wenyewe kuchanjwa, na anayechagua kuchanjwa mara nyingi ndiye huyohuyo anayefuata na dawa zake.

Maelezo ya mkanganyiko huo yako kwenye jina. Hii ni chanjo ya kirusi cha influenza. Mafua mengi ya kawaida tunayoyapata huletwa na virusi wengine, hasa rinovirusi, wenye aina zaidi ya 100 na wasio na chanjo. Aliyechanjwa ataendelea kupata mafua, na pumu yake itaendelea kuchokozwa nayo. Alichojikinga nacho ni ile homa kali inayoweza kushuka mapafuni na kuwa kichomi. Ndiyo maana jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, linashauri wenye pumu ya wastani na kali wachanjwe kila mwaka, huku likisema wazi kwamba wasitarajie chanjo hiyo ipunguze kila aina ya shambulio. Mimi naona huo ni ushauri wa haki.

Kila mwaka, kwa sababu kirusi hicho hujigeuza. Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina zitakazowekwa ndani ya chanjo: Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa ajili ya kusini. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya baridi yanayokusanya homa zote kwenye miezi mitatu. Kenya, kwa mfano, kirusi hiki huonekana karibu mwaka mzima. Kwa hiyo unapoulizia chanjo ya mafua, waulize ni ya msimu gani na inaisha muda lini, uchukue iliyo mpya zaidi. Kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka. Mtoto aliye chini ya miaka 9 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili kwa kupishana wiki nne. Chanjo hii haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto kliniki, kwa hiyo mara nyingi utaifuata hospitali binafsi au kituo cha wasafiri, na utailipia. Kwa familia nyingi bei ni kikwazo kikubwa kuliko hofu, na hilo si kosa lao.

Ipo pia chanjo ya mafua ya kupuliza puani, inayotumika zaidi Ulaya na Marekani. Wenye ndugu huko hukutana nayo mashuleni. Hiyo ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, na inaweza kuleta mkoromo wa kifua kwa watoto wadogo wenye pumu. Marekani hawampi mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwenye pumu. Uingereza hawampi anayekoroma kifua siku hizo, au mwenye pumu kali sana. Mtoto huyo hupewa ya sindano. Nadhani sehemu ya uvumi wetu ilizaliwa hapo: onyo la dawa ya puani lilivuka bahari, likafika huku limeshakuwa onyo la kila sindano.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, tulifungue taratibu. Chanjo ziko za namna mbili. Nyingi zina kijidudu kilichouawa au kipande chake tu: ya mafua ya sindano, ya kichomi, ya uti wa mgongo, ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, ya homa ya ini. Hizo haziwezi kumwambukiza mtu, awe na pumu au asiwe nayo. Nyingine zina kijidudu hai kilichodhoofishwa: surua na rubela, homa ya manjano, kifua kikuu, matone ya polio, rota. Hizi nazo mwenye pumu anachanjwa kama mtu mwingine. Anayetakiwa kusubiri ni yule ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, na dawa yenyewe ni prednisoloni, steroidi ya kumeza, kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima, kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa siku 14 au zaidi. Tafsiri yake mkononi ni vile vidonge vidogo vya miligramu 5, vinne au zaidi kila siku, kwa wiki mbili au kupita. Aliyefika hapo husubiri mwezi mmoja baada ya kuviacha ndipo apewe chanjo hai. Dozi ya siku tano hadi saba ambayo hutolewa mtu akibanwa haifiki kiwango hicho.

Nasisitiza hili la prednisoloni kwa sababu mitaani kwetu linapita bila kuandikwa popote. Watu wanainunua dukani kwa kuhesabiwa ndani ya kikaratasi, wanakunywa wiki hata wiki kwa sababu inafungua kifua haraka, na hakuna daktari anayejua. Ukikaa mbele ya nesi wa chanjo, hiyo ndiyo habari anayoihitaji kuliko neno pumu. Na tafadhali usiiache ghafla kwa ajili ya chanjo kama umeinywa kwa muda mrefu. Mwili uliozoea steroidi ukikatiwa kwa mara moja unaweza kuanguka. Kupunguza ni kazi ya daktari.

Inhela ya steroidi, ile ambayo mara nyingi huwa ya kahawia, haizuii chanjo yoyote. Dawa yake inafanya kazi palepale ndani ya njia za hewa, kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Ya bluu, yenye salbutamol, si steroidi kabisa. Mama alikataliwa kwa sababu ya kuonyesha kitu ambacho hakihusiani na chanjo hata kidogo.

Kuhusu kichomi, tuna ushahidi wa nyumbani. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya nyumokokasi, bakteria anayeleta kichomi, mwaka 2011, Tanzania ikafuata muda mfupi baadaye, na huko kliniki akina mama huijua kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walihesabu wagonjwa miaka mingi kabla na baada. Maradhi mazito yanayoletwa na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo ile yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Na yalipungua pia kwa watu wazima, ambao hawakuchanjwa. Mtoto mdogo hubeba bakteria hao kooni na puani, halafu analala kitanda kimoja na bibi yake. Ukimchanja mjukuu, umemkinga na bibi mwenye pumu.

Bibi mwenyewe je? Tennessee, Marekani, utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wenye pumu, wa umri wa miaka 2 hadi 49, walikuwa na uwezekano wa mara mbili na zaidi kupata maambukizi mazito ya bakteria huyo wakilinganishwa na wasio na pumu. Marekani leo inamhesabu mtu mzima mwenye pumu kuwa miongoni mwa wanaostahili chanjo hiyo. Uingereza ni wabanifu zaidi, huwapa wale ambao pumu yao huwalazimisha kumeza steroidi mara kwa mara. Hapa kwetu ratiba ni ya watoto, kwa hiyo mtu mzima ataulizia mwenyewe. Kama ningekuwa na fedha ya kumlipia mtu mmoja, ningemlipia aliyewahi kulazwa kwa pumu, au anayemeza prednisoloni mara kadhaa kwa mwaka, kabla ya yule anayebanwa mara moja kwa msimu.

Surua na kifaduro nitayataja kwa ufupi, kwa vile ratiba ya watoto inayabeba. Yote mawili ni maradhi ya kifua kabla ya kuwa kitu kingine, na mtoto mwenye pumu aliyekosa dozi zake anatakiwa apelekwe akazimalizie, bila kusubiri eti pumu iishe. Ya UVIKO-19 inafuata mantiki hiyohiyo, pumu haikatazi.

Shangazi yangu ana hoja nyingine: kwamba chanjo za utotoni ndizo zinazoleta pumu. Watoto wetu wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na miezi hiyohiyo ndiyo vifua vya watoto huanza kukoroma kwa virusi vya kwanza wanavyokutana navyo. Vitu viwili vikipita njia moja, kimoja huonekana kimemzaa mwenzake. Swali lenyewe ni halali, na utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2022 uliona uhusiano mdogo kati ya madini ya alumini yaliyomo kwenye baadhi ya chanjo na pumu. Denmark wakalifuatilia kwa watoto zaidi ya milioni 1.2, waliozaliwa tangu 1997 hadi 2018, na matokeo ya mwaka 2025 hayakuonyesha kwamba alumini hiyo inaongeza pumu. Shangazi nimemweleza. Amenisikiliza, bado hajakubali, na tunaendelea kuzungumza.

Zimebaki sababu za kweli za kusimamisha sindano. Mtu aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo ileile au kitu kilichomo ndani yake, wa kuvimba midomo na koo, kushindwa kupumua, kuzirai, asichanjwe hiyo mpaka amwone daktari. Mzio wa mayai, uliokuwa ukiwazuia wengi kuchanjwa mafua, sasa hauhesabiwi kuwa kizuizi. Aliye na homa kali, au aliyebanwa wakati huo kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, atibiwe kwanza. Chanjo itangoja siku chache. Makamasi na kikohozi kidogo havizuii. Na mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa homa ya manjano kwa mara ya kwanza ajadiliane na daktari kwa makini, pumu au hakuna pumu.

Tulirudi na mama wiki iliyofuata, kituo kingine. Daktari alikuwa binti mdogo tu. Aliitazama inhela ya bluu akauliza swali ambalo dirishani hakuna aliyeliuliza: "Mama, hii unaivuta mara ngapi kwa wiki?"

Mama akanitazama. "Kila siku, mwanangu. Usiku mara mbili."

Mimi nilikuwa sijui. Daktari akaeleza kwamba ya bluu hufungua tu njia, uvimbe unabaki palepale, na kwamba siku hizi haishauriwi mtu mzima mwenye pumu kutegemea hiyo peke yake. Akamwandikia ya steroidi, akamfundisha kuivuta kwa kopo la plastiki lenye mdomo, kusukutua baada ya kuvuta, kuhesabu pumzi. Zilipita dakika 20 kabla ya chanjo kutajwa. Kisha akachomwa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia huidai kwa kila haji na hutakiwa iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kufika, na ya mafua mkono wa pili. Akaambiwa akae kwenye benchi dakika 15 wamwangalie, kama kila mtu. Alikaa na mkoba mapajani, inhela mbili ndani yake, akisoma nyuradi zake.

Kutoka Mina alinipigia simu. Nilisikia vikohozi nyuma yake, hema zima. "Na mimi nimeshapata mafua," akasema. "Ila ya kahawia naivuta asubuhi na jioni, nasukutua kama alivyosema yule binti. Ya bluu jana sikuigusa."